Ile Namba Ndogo ya Njano: Majibu kwa Wanaosoma na Kuishi Mtandaoni Korea

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu wanaohusiana na Korea Kusini. Wapo wanaosoma huko huku wamekaa sebuleni kwao Afrika Mashariki, wapo wanaoishi huko kabisa, na karibu wote wamekwaruzana na mtu kupitia simu au kompyuta. Mimi nimeishi nchi hiyo tangu 2011. Nimesoma hapo, nimezalia hapo, na mwanangu anasoma hapo. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu imenigusa.

Shikamoo mama. Nina miaka 22, niko Morogoro. Muhula huu nimeanza kusoma kwa mtandao katika chuo kimoja cha Korea. Tulipewa kazi ya kundi, tuko watano, mimi peke yangu si Mkorea. Kundi letu liko KakaoTalk, programu ya meseji wanayotumia Wakorea. Meseji zao nilikuwa nazisoma kwenye daladala, nikifika nyumbani nafanya sehemu yangu kimya kimya. Jumapili nikawatumia kurasa sita nilizokesha nazo. Kiongozi wa kundi, dada mmoja wa mwaka wa nne, alikuwa ameuliza mara tatu kama nipo. Nikamwandikia "mianhae", nikamwambia nilibanwa. Siku ya kuwasilisha, slaidi ya kwanza ina majina manne. Langu halimo. Nikamwandikia profesa mstari mmoja wa Kiingereza kwamba aliangalie kundi langu, hajajibu mpaka leo. Huu si ubaguzi? – Kijana wa Morogoro

Marahaba mwanangu. Nianze na ulichouliza. Ubaguzi Korea upo, nimekutana nao, na siku ukikukuta sitakuambia uvumilie. Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na ninachokiona ndani yake ni kitu kingine. Wenzako waliamini umewakimbia.

Fungua KakaoTalk, tazama meseji yoyote uliyowahi kutuma kwenye lile kundi. Pembeni yake hukaa namba ndogo ya njano. Mkiwa watano, ukituma tu inaandika 4. Mmoja akisoma inashuka 3, mwingine 2, na wote wakishasoma inafutika. Sasa rudi siku ile dada alipouliza kila mtu atamaliza lini. Aliitazama namba ikishuka mpaka ikaisha. Maana yake wote wanne mmesoma. Watatu wakajibu. Mmoja akasoma, akanyamaza. Ni wewe huyo, kwenye daladala, simu mkono mmoja na mkono mwingine umeshika bomba. Wewe ulikuwa unawaza kazi, yeye alikuwa anaona mtu aliyesikia akageuza uso.

Vijana wa huko wana neno la jambo hili, "ikssip", yaani kusoma kisha kutafuna. Umeitafuna meseji ya mwenzako. Na anayekaa kimya siku kadhaa wanasema amepiga mbizi, "jamsu". Kazi za makundi vyuoni zimewaumiza sana kwa sababu ya watu wa mbizi, ambao huibuka siku ya mwisho wakidai maksi sawa na waliokesha. Ndiyo maana makundi mengine hulifuta jina la mpiga mbizi kwenye slaidi ya kwanza. Mwenzako Mkorea angefanya kama wewe, jina lake lingefutwa vilevile.

Sisi tuna tiki za bluu za WhatsApp na tunasameheana sana. Mtu anasoma leo, anajibu kesho kutwa, tunasema alikuwa na mambo yake. Mimi naupenda upole huo, na nikirudi Tanga napumzika ndani yake. Lakini kule umeingia nyumba ya watu wenye utaratibu mwingine, na utaratibu wenyewe si mgumu. Hawataki insha. Wanataka neno moja. "Ne" ni ndiyo, ila ukimwandikia mkubwa "ne" tupu inasikika kavu, kama mtu aliyeitika bila kuinua kichwa. Kwa hiyo watu huandika "nep", fupi, yenye uchangamfu wa mtu aliyesimama wima. Wanaiandika mno, hata wenyewe wanasema wana ugonjwa wa nep. Ungeandika, "Nep, nimeona. Sehemu yangu nitaituma Jumapili," ukairudisha simu mfukoni, usingekuwa unaniandikia leo.

Halafu "mianhae". Hiyo umeitoa kwenye tamthilia, sivyo? Tamthilia zimewafundisha vijana wetu Kikorea kingi, na nashukuru, lakini kwenye tamthilia wanaozungumza ni wapenzi, marafiki wa utotoni na mama na mwanawe. Lugha yao ni "banmal", lugha ya waliozoeana. Wewe ulimwambia hivyo dada wa mwaka wa nne ambaye hujamwona hata sura. Kwake ulitakiwa useme "joesonghamnida". Ni kama mtoto wa jirani anikute na ndoo ya maji kichwani aniambie "mambo vipi" badala ya shikamoo. Sitamgombeza, lakini ndoo itazidi uzito. Nimekutana na Wakorea waliosoma Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni, na wote shikamoo wanaielewa bila kufafanuliwa. Kwao si jambo geni hata kidogo.

Ukiwa huna uhakika wa umri wa mtu, mwongezee "nim". Kiongozi wa kundi ni "jojangnim", aliyekutangulia masomoni ni "seonbaenim", profesa ni "gyosunim". Hata watu wasiojuana kabisa mtandaoni hupeana "nim", kwa sababu nyuma ya jina la bandia huwezi kujua kama kuna mtoto wa shule au babu wa mtu.

Mimi haya sikuyajua kwa kusoma. Niliyaona nyumbani. Mwaka 2020 shule za Korea zilikuwa zifunguliwe mwanzoni mwa Machi, zikaahirishwa tena na tena kwa ajili ya korona. Tarehe 9 Aprili wakaanza kwa mtandao wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, ya chini na ya juu. Tarehe 16 wakafuata wengine, na tarehe 20 wadogo wa darasa la kwanza hadi la tatu. Mwanangu alikuwa wa darasa la kwanza. Masomo yao yalipita kwenye televisheni ya EBS, shirika la utangazaji wa elimu, pamoja na makaratasi tuliyoyachukua shuleni. Alisoma kwenye mkeka, kalala kifudifudi, mdomoni biskuti. Sikuona tatizo, nikaona mradi anasoma.

Baadaye mwaka ule mwalimu wao akaanza kuwaita kwa video asubuhi. Siku ya kwanza nilisimama nyuma ya mwanangu. Mwalimu alipotokea tu, watoto wote waliinama kusalimia, na skrini nzima ikajaa utosi. Visanduku ishirini na kitu, kila kimoja utosi mweusi. Chetu peke yake kilikuwa na mtoto amelala, anatafuna. Hakuna aliyenisema. Nikaenda jikoni nikaleta kiti, na kesho yake mwanangu aliketi mezani, amechana nywele, akainama mpaka paji la uso likagusa kibodi. Tangu siku ile nimejua kwamba kwa watu hawa kioo cha kompyuta hakipunguzi kitu. Mwalimu aliye kiooni ni mwalimu aliye mbele yako, na meseji ni mtu aliyesimama mlangoni anapiga hodi.

Sasa profesa. Barua pepe ya mwanafunzi huko ina sura yake. Kwenye kichwa cha habari weka jina la somo, namba yako ya usajili na jina lako. Ndani anza na "annyeonghaseyo, gyosunim", jitambulishe wewe ni nani na unasoma somo gani siku gani, kisha eleza shida yako, kisha shukuru. Mwisho andika jina lako na neno "deurim", ambalo maana yake ni kwamba barua hii unaitoa kwa heshima. Ukiandika kwa Kiingereza, fuata mpangilio huohuo. Mstari wako mmoja ulifika kama mtu aliyeingia ofisini, akasema neno, akatoka. Hata profesa mwema atashindwa kujua wewe ni yupi kati ya mia.

Na saa. Hapa nina zawadi kwako. Korea wako mbele yetu kwa saa sita, na saa yetu ya Kiswahili nayo inapishana na saa ya kizungu kwa saa sita. Kwa hiyo saa ya Seoul ikiandika 9, kwako ni saa tisa. Ikiandika 2, kwako ni saa mbili. Wakikuambia mkutano ni 10 ya usiku, wewe Morogoro ni saa kumi jioni, kukiwa bado kweupe. Unasoma namba yao unavyoiita kwa Kiswahili, huhitaji kuhesabu chochote. Ila uliposubiri mpaka saa nne usiku kwako ndipo ujibu, kwao ilikuwa 4 ya alfajiri. Kila jibu lako liliwakuta usingizini, na asubuhi wakahisi unawajibu kwa mabaki ya muda wako.

Fanya hivi leo, siyo kesho. Mwandikie kiongozi peke yake, nje ya kundi: "Jojangnim, habari za kutwa. Mimi ni fulani. Meseji zenu nilizisoma nikachelewa kujibu, nikawatia wasiwasi. Joesonghamnida. Sehemu yangu niliituma Jumapili, kurasa sita. Naomba kujua kama zilitumika." Tumia maneno yako mwenyewe. Akijibu kwamba hazikutumika, meza uchungu wako, muhula ujao ufanye tofauti. Lakini zikiwa zimetumika na jina lako limeachwa, hilo ni kosa lao, wamechukua jasho la mtu. Hapo mwandikie profesa kwa sura niliyokuonyesha, weka na ile faili yenye tarehe ya kutumwa. Adabu haikunyang'anyi haki yako ya kudai, mwanangu. Naomba uniandikie tena unijulishe ilivyokwenda.

Dada, hujambo. Mimi na mume wangu tuko Ansan, huku Korea. Binti yetu yuko darasa la sita. Wenzake wamemwingiza kwenye kundi la KakaoTalk, wanamtukana rangi na nywele zake kwa saa nzima. Akitoka wanamrudisha. Akitoka tena wanamrudisha tena. Usiku simu inatetemeka chini ya mto mpaka alfajiri. Nimefuta programu, akalia zaidi. Baba yake anataka kwenda nyumbani kwa mmoja wao. Tufanye nini? – Mama wa Ansan

Sijambo dada yangu, na pole. Pole sana. Mpe binti yako salamu zangu, mwambie hajakosa lolote.

Mnachopitia kina jina Korea, na kuwa na jina kunasaidia, maana hamtaanza kuwaeleza watu mambo ambayo hawajawahi kuyasikia. Wanakiita "katok gamok", gereza la KakaoTalk. Mtoto anafungiwa ndani ya kundi kwa kurudishwa kila anapotoka. Walimu wanalijua, polisi wanalijua, na sheria inalijua. Sheria ya kuzuia ukatili shuleni ni ya 2004, na 2012 ilirekebishwa ili uonevu wa mtandaoni nao uhesabiwe. Kwa hiyo huendi kulalamikia utani wa watoto. Unaripoti ukatili.

Irudishe programu leo, ukiwa umekaa naye, na mpige picha za skrini. Msianze na matusi. Anzeni na ile mistari midogo ya kijivu katikati ya kioo inayosema fulani amemwalika fulani. Piga picha kila mmoja, kila mara aliyorudishwa, saa ikionekana. Tusi moja mtu anaweza kusema aliteleza. Mistari kumi na mbili ya kumrudisha mtoto usiku mmoja haina utetezi. Kisha yapige picha matusi yenyewe, na majina. Usifute kitu na usijibu kitu, hata kama kidole kinawasha. Picha zikishahifadhiwa mahali pawili, ndipo mtoke kwenye kundi na kuwafungia wale watoto.

Simu yenyewe usimnyang'anye. Najua ulikuwa unamkinga. Lakini mtoto anayeonewa akinyang'anywa simu anaelewa kwamba ameadhibiwa yeye, na safari ijayo hatakuambia.

Asubuhi nenda kwa mwalimu wa darasa na picha zilizochapwa. Usipotosheka, au ukitaka kuanzia hapo, piga 117, namba ya kuripoti ukatili shuleni, inapokelewa saa 24. Vijana wenyewe wana 1388 ya ushauri, binti yako anaweza kuipiga bila kupitia kwenu. Lugha ikiwa tatizo, kuna 1577-1366 ya familia zenye asili ya nje. Kiswahili hawana, Kiingereza wanacho. Shauri likiwa kubwa haliamuliwi tena na shule yenyewe. Tangu Machi 2020 kamati ya mashauri hayo hukaa kwenye ofisi ya elimu ya eneo. Mimi niliona ni nafuu, kwa sababu shule ndogo huogopa kujipaka matope.

Shemeji yangu namwomba asiende kwenye nyumba ya mtu. Hasira yake ni ya baba na ninaiheshimu. Lakini akigonga mlango ule usiku, akapaza sauti mbele ya mtoto wa watu, kesho itakayojadiliwa ni sauti yake, na mistari ya kijivu itasahaulika. Aje naye shuleni asubuhi, avae vizuri, akae kando yako. Kukaa kwake pale kutaonekana.

Mimi Mkenya, nilifanya kazi mkoa wa Gyeonggi, Korea. Bosi hajanilipa miezi miwili. Nina picha yake, jina lake na jina la karakana. Nataka nimwanike mtandaoni kwa jina la bandia ili wengine wajue. Ni ukweli mtupu, atanifanya nini? – Nimechoka

Ndugu yangu, anaweza kukushtaki, na ukweli wako usikuokoe. Hili huwashangaza wageni wote. Korea, kumchafulia mtu jina mtandaoni kwa nia ya kumdhalilisha ni jinai hata ulichosema kikiwa kweli. Adhabu hufika kifungo cha miaka 3 au faini ya won milioni 30, won ikiwa ndiyo pesa ya Korea. Kikiwa uongo hufika miaka 7 au won milioni 50. Kuna mabishano ya nia na ya manufaa ya umma, lakini hayo ni ya wakili, na wewe huna hata nauli. Na jina la bandia halikufichi. Zamani tovuti kubwa zililazimishwa kuthibitisha jina halisi la kila mwandishi. Sheria hiyo ya 2007 ilifutwa na Mahakama ya Katiba tarehe 23 Agosti 2012, lakini polisi bado humfikia mwandishi.

Usidhani ni ukali usio na chanzo. Nchi ile imezika watu waliokuwa wakiumizwa na maneno ya mtandaoni, na ikalia hadharani. Mwigizaji Choi Jin-sil alifariki Oktoba 2008. Mwimbaji Sulli alifariki Oktoba 2019, na mwimbaji Goo Hara mwezi uliofuata. Baada ya Sulli, tovuti ya Daum ilifunga sehemu ya maoni kwenye habari za burudani, na tovuti ya Naver ikafanya hivyo Machi 2020. Nilikuwa kwenye treni siku ile ya Oktoba 2019. Behewa zima lilikuwa limeinamia simu, na msichana aliyekaa mbele yangu alikuwa akifuta machozi kwa mkono wa sweta. Maneno ya kuumiza wanayaita "akpeul", na sasa watoto wanafundishwa kinyume chake shuleni, "seonpeul", maneno mema.

Mshahara wako udai. Piga 1350, simu ya wizara ya kazi, kisha peleka malalamiko ofisi ya kazi ya eneo la karakana. Beba mkataba, taarifa za benki, picha za ratiba za zamu na meseji za bosi. Hizo picha ulizotaka kuanika, huko zina kazi.

Mwalimu, bando linanimaliza. Rafiki yangu wa Seoul amejitolea kuingia na akaunti yangu ili video za mihadhara zijihesabu nimehudhuria. Kuna ubaya? – Mwanafunzi, Nakuru

Upo. Wanaita "daeri chulseok", kuhudhuriwa na mtu mwingine, na vyuo huuhesabu kama udanganyifu. Mfumo huandika akaunti imefunguliwa wapi na video imetazamwa kwa muda gani. Leo unafungua Nakuru asubuhi, dakika kumi baadaye uko Seoul, nani ataamini? Na rafiki yako ataanguka nawe.

Angalia kama mfumo wa chuo unaruhusu kupunguza ubora wa picha. Mihadhara mingi ni slaidi na sauti, picha ndogo inatosha. Kama video ina wiki nzima ya kutazamwa, kusanya zote uzitazame siku moja penye Wi-Fi ya maktaba. Ikishindikana, mwandikie gyosunim wako kwa ile sura niliyomwonyesha kijana wa Morogoro, mweleze gharama ya bando kwa shilingi na kwa won, na uulize kama kuna maandishi ya mhadhara. Mwandikie wiki hii, kabla ya mtihani wa katikati ya muhula.